Sikio la Makambako

Mimi, Ditram Ngonyani, sijawahi kudanganywa na kitu kisicho na ubongo. Wenye ubongo wamenipata, sikatai: mwalimu wa fizikia alinihakikishia kwamba nina kipaji, na binti mmoja wa Mafinga aliniambia nimsubiri pale pale, anakuja. Lakini mashine, mbuzi, radi, malaria? Thubutu. Kitu kisichofikiri nikikitazama mara moja nimeshajua kinataka kwenda wapi. Ndiyo maana, kati ya vijana wote waliomaliza kidato cha nne wakakosa pa kwenda, mimi ndiye niliyekabidhiwa Sikio, tao la chuma linalopima pumzi za wasafiri kwenye lango la barabarani.

"Puliza, mama," nilisema.

Mwanamke aliyesimama chini ya tao alikuwa na kuku kwapani na mfuko wa unga wa ulezi kichwani. Ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka Makambako mpaka ndani ya soksi za watu, na pua yake ilikuwa nyekundu kama nyanya ya kuchagua. Akapuliza kwenye bomba. Tao likaguna, likaanza kuonja pumzi yake.

"Unakwenda wapi na huyo kuku?"

"Njombe. Binti yangu amejifungua. Mtoto wa kike."

"Na kuku yeye amejifungua lini?"

"Wewe ni Mngoni," akasema.

"Umejuaje?"

"Mdomo unatangulia, miguu inafuata. Ndivyo mlivyotembea toka kule kusini kwa Wazulu. Mlikosa nauli."

Foleni ikaangua kicheko. Kumbe ni Mhehe, Mama Agripina Kikoti wa Mafinga, mtani wangu wa haki tangu babu zetu walipochoka kupigana. Mtani haudhiki. Nikamwambia ashukuru kwamba amebeba kuku, maana angebeba mbwa ningejua ni chakula cha njiani. Akanitukana vizuri, kwa mpangilio, akianzia na ukoo wa mama yangu. Hata madereva wa malori ya Songea waliokuwa wamenuna tangu alfajiri wakaanza kutoa meno.

Taa ikawaka nyekundu.

Kicheko kilikatika kama umeme. Vyuma viwili vikateremka mbele na nyuma ya Mama Agripina, kwa sauti ile ambayo hata anayeisikia kila siku huinamisha kichwa. Kuku akapiga kelele. Watu wa nyuma walirudi hatua kadhaa, na aliyekuwa karibu naye zaidi akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ni mafua, baba," alisema. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka yote. "Nimelala dirisha wazi. Mafua tu haya."

"Najua, mama."

"Basi fungua."

Nyekundu haifunguliwi na mshika bomba. Nyekundu hungoja gari la Mipainini, kambi iliyo ndani ya msitu wa mipaini, ambako wagonjwa wa ndui mpya hulazwa vitanda vimebanana kama mbao kiwandani. Anayeingia huko na mafua hulazwa kando ya mwenye ndui mpaka naye awe nayo. Halafu wakubwa husema: mnaona? Sikio halikukosea.

Gari lingefika mchana. Nilimwachia msaidizi wangu, Kandidus, bomba, nikaenda kwa Leokadia.

*

Leokadia Kihwele alikuwa mtaalamu wa maabara, na maabara yenyewe ilikuwa kontena nyuma ya lango, lenye darubini, jokofu na jiko la mkaa lililopigwa marufuku. Nilimkuta anachoma mahindi juu ya hilo jiko.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe chao. "Nina ndugu yako kizimbani. Ana mafua. Mwandikie kwamba ni mafua, nimtoe."

"Nikiandika, Chengula atachana." Chengula alikuwa Afisa Lango, mkubwa wetu wote. "Ditram, kaa. Hivi wewe unajua Sikio linasikia nini?"

"Mimi ndiye fundi wake."

"Wewe ni mshika bomba. Linasikia nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Kirusi kikiingia kwenye seli, seli haisubiri askari. Inapiga yowe, kama mwenye nyumba aliyeona mwizi dirishani: mwizi, mwizi! Majirani wakisikia wanapiga komeo, wanatoka na marungu. Hiyo ndiyo kinga tuliyozaliwa nayo, isiyohitaji chanjo wala kufundishwa. Yowe lenyewe wakubwa wanaliita interferoni. Mabaki yake yako kwenye pumzi, na Sikio linayanasa.

"Vizuri. Kumbe ile fizikia haikupotea bure. Sasa mwizi hodari anafanyaje?"

"Anaingia kimya."

"Huyo ni wa kawaida. Ndui haiingii kimya, Ditram. Ndui inaingia kama mtani msibani."

Akageuza hindi. Mimi nimewahi kuwa mtani msibani, najua kazi yake. Unavaa koti la marehemu, unatembea kwa fimbo yake, unakohoa kikohozi chake, unaamuru uletewe nyama, na hakuna wa kukufukuza kwa sababu umefanana na mwenye nyumba. Wajane wanacheka huku wanalia. Unaweza kubeba hata redio.

"Ndui iliiba nguo zetu siku nyingi," Leokadia alisema. "Vipande vya maelekezo ya miili, ikavishona kwenye maelekezo yake. Ndani ya seli kuna mlinzi ambaye kazi yake ni kuzima kiwanda cha protini akiona uvamizi, ili mvamizi akose pa kuzalia. Anapokwenda kuzima, ndui inampa mkononi kitu kilichofanana kabisa na swichi. Anakibonyeza wee, anakibonyeza, na kiwanda kinaendelea kufanya kazi. Kuna mjumbe mdogo anayekimbia kupeleka habari kwamba nyumba imeingiliwa. Ndui ina mkasi wa kumkata vipande viwili njiani."

"Na yowe likitoka hata hivyo?"

"Hapo ndipo penyewe. Inailazimisha seli imwage nje masikio bandia. Mengi, kama pumba mashineni. Yowe linanasia humo. Halimfikii jirani."

"Wala Sikio langu."

"Wala Sikio lako. Mpaka mwili uje kushtuka, vipele vimeshajaa na nyumba inaungua paa."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilijaribu kufikiria jambo la kuchekesha, na kwa kawaida huwa yapo tu, yamejipanga kama abiria. "Kwa hiyo nyekundu…"

"Nyekundu ni mwili unaolalamika sawasawa. Mafua hayajui kujificha, yanapigiwa yowe mtaa mzima. Wote niliowatoa usaha kule Mipainini wakiwa na ndui ya kweli, nimewauliza. Walipita hapa kwako kijani."

"Kwa hiyo tunawafunga wanaolalamika na kuwafungulia njia walionyamazishwa."

"Ukisema hivyo inakuwa siasa."

"Umemwambia Chengula?"

"Nimemwambia mpaka amenikataza kumwambia."

Sasa niwaambie kilichokuwa chini ya glavu yangu ya kulia. Kwenye shina la kidole gumba kulikuwa na kipele. Kilikuwa kigumu, kama punje ya mtama iliyozikwa chini ya ngozi, na asubuhi ile kilikuwa kimepata kashimo katikati, kama kitovu cha mtoto. Kila nilipoingia zamu nilipuliza bomba langu mwenyewe, Sikio likanipa kijani, nami nikakiambia kipele: umesikia? Wewe ni mbu. Makambako, kwenye baridi ile! Mbu wa Makambako angekuwa amevaa koti na anaomba lifti ya kwenda Kilombero.

Chuma na kidudu, vyote havina hata robo kijiko cha ubongo, vilikuwa vimenikalia kikao.

"Leokadia," nikasema, "na kama huyo mwenye kijani na ndui yake ni kijana wa Kingoni, mzuri wa sura, mcheshi, ana kazi ya serikali?"

"Huyo ndui itampita," alisema, akinipa nusu ya hindi. "Hata ugonjwa una ladha yake."

Nikacheka. Ndivyo utani ulivyo. Ukitia ukweli humo ndani, unapita kijani.

Hindi nilikataa. Nilisema meno. Nikasimama mlangoni mwa kontena nikilitazama lango, na mambo mawili yakavutana ndani yangu kama watoto wanaogombea blanketi. Nikisema sasa hivi, Leokadia atanifungia humu humu, ndiyo haki, na Kandidus atabaki na bomba. Kandidus ni mtu wa taratibu. Atamkabidhi Mama Agripina kwa gari la Mipainini na kumtakia safari njema. Nisiposema, basi kila ninayemsogelea namsogezea msiba. Tangu kipele kitokee nilikuwa silali bweni na wenzangu, nikidai wanakoroma. Barakoa sikuivua hata kunywa chai mbele yao. Mtu anayeamini ameumwa na mbu hafanyi hivyo. Kumbe sehemu yangu moja ilikuwa imeshajua, ikaninyamazisha.

Nitasema jioni, nikaamua. Kwanza mama apite. Lilikuwa jambo la haki, na pia kilikuwa kisingizio. Nilikitambua kwa utamu wake.

*

Gari la Mipainini lilifika na Chengula ndani yake, amevaa suti ya mvua ya njano, na nyuma yake walinzi wawili wenye virungu. Hakuwa mtu mbaya, Chengula. Angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi.

"Fungua upande wa gari," aliniambia.

"Mkuu, ana mafua."

"Sikio limesema."

"Sikio halijui ndui hata ikiliketia. Unajua hilo. Leokadia amekwambia."

Aliniita pembeni, nami nikahakikisha pembeni penyewe pana hatua tatu kati yetu. Alipunguza sauti. "Sikiliza, kijana. Songea wanapokea malori yetu kwa sababu ya nini? Kijani. Mbeya wanatuletea dawa kwa sababu ya nini? Kijani. Ukiwaambia leo kwamba kijani ni rangi tu, kesho wanachimba mtaro barabarani. Hao hao wagonjwa unaowaonea huruma watakosa hata maji ya dripu. Ninapeleka wachache ili wengi wale."

"Hao wachache unawapeleka wakaambukizwe ili hesabu yako ya wagonjwa iwe na sura."

"Ni wachache."

"Huyu mmoja ana kuku na mjukuu."

"Ditram, si kila kitu ni mchezo."

"Leo sichezi, mkuu. Ndiyo maana unaona sina raha."

Akawapungia walinzi. Mama Agripina aliwaona wakija, akakumbatia kuku kifuani kama mtu anayevushwa mto. Hakulia. Alianza kuimba kwa sauti ndogo, wimbo wa kubembeleza mtoto. Nadhani alitaka walau mtoto aimbiwe na mtu, hata kwa umbali wa Njombe.

Nikauona waya wa Sikio. Mnene, mweusi, unaopita chini ya kibanda changu, ambao kila wiki nilitia saini kwamba nimeukagua. Nikaushika kwa mikono miwili nikautoa.

Tao likafa kama mlevi aliyepata kiti. Vyuma, ambavyo vilishikiliwa chini na umeme, vikapanda juu polepole, na Mama Agripina akawa amesimama tu barabarani, mtu huru mwenye mafua.

"Rudisha!" Chengula alifoka.

Nilipanda juu ya meza yangu. Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mizani ya malori. "Ndugu zangu wa Iringa, na hata nyie Wahehe!" nilipaza sauti. "Hiki chuma kinasikia yowe tu. Ukiwa na mafua, mwili wako unapiga yowe, kinakufunga. Ukiwa na ndui, ndui imeuziba mwili wako mdomo, imevaa koti lako, kinakupigia saluti! Wenye ndui wamepita hapa na kijani, mimi mwenyewe nimewaambia karibuni tena. Leo hakipulizwi!"

"Kwa hiyo kijani changu?" aliuliza dereva mmoja, mwanamume mwenye kifua cha jokofu.

"Kijani chako hakijasema kitu, kaka."

"Nimelala na mke wangu kwa sababu ya hicho kijani!"

"Hayo mengine kamwambie yeye."

Kicheko cha hasira kikapita kwenye foleni, kile kinachoanzia tumboni. Leokadia alikuwa ameshatoka kwenye kontena na koti lake jeupe. Hakunitazama. Aliwaambia watu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ndui inaweza kuufunga mwili mdomo kwa siku kadhaa, lakini ngozi haifungiki, lazima itasema. Kwa hiyo wakunje mikono, wavue kofia, wafungue vinywa. Mwenye kipele hatapelekwa Mipainini, atatengewa chumba chake. Mwenye mafua atapewa kitambaa.

Walinzi walisogea kwa Mama Agripina. Wanawake wa foleni wakasogea pia, bila haraka, na ndoo zao na watoto mgongoni, mpaka walinzi wakajikuta wamezungukwa na vitenge. Mmoja wao aliinamisha kirungu akaamkia, "Shikamooni." Ukishawaamkia watu huwezi kuwapiga tena.

Chengula alivuta kofia ya suti yake. Mvua nyembamba ilikuwa inatiririka kwenye njano yake.

"Wakichimba mtaro, wewe ndiye utakayejibu," alisema.

"Nitajibu. Mdomo ninao."

"Huo hauna shaka." Akaingia ndani ya gari, nalo likageuza likaondoka tupu. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nililiona likiondoka tupu. Watu walipiga vigelegele. Nami, juu ya meza, nilijiona nimekuwa mrefu kuliko lile tao.

Leokadia alimkagua Mama Agripina wa kwanza kabisa: viganja, shingo, mdomo, nyuma ya masikio. "Mafua," alitangaza. "Nenda, mama. Ila usimbusu mtoto mpaka pua ikauke." Akaendelea na yule dereva wa kifua cha jokofu.

Mama Agripina hakwenda. Alimweka kuku chini, akaikanyaga kamba aliyomfunga mguuni, akaja hadi mezani kwangu. Nikashuka. Alipiga goti kidogo, vile mama zetu wanavyofanya wanaposhukuru, akaninyoshea mikono yote miwili.

"Nipe mkono, mwanangu."

"Mkono wa Mhehe?" nikasema, na mikono yangu ikaenda mgongoni yenyewe. "Nitajuaje umetoka kushika nini?"

Foleni ilicheka. Walikuwa wamesubiri kucheka tangu taa nyekundu.

"Na uivue hiyo soksi ya mkononi. Sisalimiani na plastiki."

"Plastiki ndiyo imekuokoa, uiheshimu."

"Ditram, si ndiyo jina lako? Utani tuuweke pembeni." Macho yake yalikuwa yamelowa, na si kwa mafua. "Nikifika Njombe nitampokea yule mtoto. Nataka nimpokee kwa mkono ulioshika mkono wa mtu aliyenitoa kizimbani. Nimwambie, huu ni wa mjomba wako Mngoni, mwenye mdomo. Nipe."

Nikarudi nyuma hatua moja. Akanifuata na mikono yake imenyoshwa. Nikarudi nyingine. Mgongo ukagota kwenye chuma baridi cha tao.

"Mnamwona!" Mama Agripina aliwageukia watu. "Serikali haogopi, anaogopa bibi kizee!"

"Wangoni hao!" alipiga kelele mtu. "Wakiona mkono wa Mhehe wanamkumbuka Mkwawa!" Watu waliinama kwa kucheka. Hata mlinzi wa kirungu alicheka. Nami nilicheka ndani ya barakoa, nikitikisa kichwa, mikono mgongoni, dole gumba nimelikunja ndani ya ngumi.

Leokadia hakucheka. Alikuwa ameshika kiganja cha dereva. Alikiachia katikati ya ukaguzi, kikabaki kimening'inia hewani. Alinitazama mabega, namna mikono ilivyokwenda nyuma. Alitazama barakoa. Alitazama umbali kati yangu na yule mama, kisha akaja taratibu, akasimama kati yetu, akamrudisha Mama Agripina nyuma kwa mkono mmoja, kwa upole, bila kuniondolea macho.

"Ditram," alisema, kwa sauti ambayo nyuma haikufika. "Tangu lini?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri, moja lilihusu mbwa. Nikafungua mdomo nichague.

"Juzi," nikasema, na foleni, ikidhani ni utani mwingine, ikacheka tena.